Mvuto wa Bunduki Ndogo
Wapo wanaodai kwamba bunduki ya .22, yaani yenye mtutu wa upana wa inchi 0.22 hivi, hupendwa na walenga shabaha kwa sababu risasi zake ni za bei nafuu. Dai hilo halitoshi. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyobuniwa Marekani mnamo 1887, hubeba fataki ukingoni mwa ganda, na kichwa chake huwa na uzani wa gramu 2.6 hivi. Haimpigi mtu bega wala kumshtua kwa kishindo. Akikosa shabaha, atasingizia nini ila pumzi na kidole chake? Katika Olimpiki, washindani wa mita 50 huitumia kuwania duara la milimita 10.4. Udogo huo usimhadae mtu, lakini: risasi hiyo huweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na huua.