Refa, hatukuombi usome mioyo

Nipo nyumbani Murongo kwa likizo, lakini akili bado iko uwanjani kule chuoni. Ngoja niliseme tu, maana limenikaa kooni.

Dakika ya mwisho, tunaongoza kwa pointi 1. Mwenzetu kapora mpira, anakimbia peke yake, mbele hakuna mtu. Mpinzani akamvuta jezi kutoka nyuma. Kijana chini, kwenye zege, kiwiko kikavimba. Refa akatoa faulo ya kawaida! Robo ile wale walikuwa bado hawajafikisha faulo 5, kwa hiyo hata mtupo huru hatukupata. Tukarusha mpira kutoka pembeni, ukaporwa, tukafungwa. Tulipomuuliza refa, akasema, "Hakukusudia."

Jamani! Nani kauliza habari ya kukusudia? Sheria za FIBA ziko wazi: ukimgusa isivyo halali, kwa nyuma au ubavuni, mtu anayekwenda kufunga na mbele yake hakuna mpinzani, hiyo ni faulo isiyo ya kimichezo. Adhabu yake ni mitupo huru 2 na mpira unabaki kwao. Ukifanya mbili, unatoka nje. Hakuna mahali panaposema refa apime roho ya mtu.

Hata Marekani waliliona hilo. Hasheem Thabeet wetu alipokuwa anachezea chuo kikuu cha Connecticut, 2006 hadi 2009, kule waliiita faulo ya makusudi. Mwaka 2011 wakaliacha jina hilo, wakaanza kupima uzito wa tendo.

Huku kwetu ukivuka mto Kagera uko Kikagati, Uganda. Ukikamatwa na kahawa ya magendo, askari hakuulizi moyoni ulikuwa na nia gani. Anaangalia gunia.

Sisemi kila faulo ya dakika za mwisho ni dhambi. Timu iliyo nyuma ikimbana mwenye mpira kusimamisha saa, na mkono ukaufuata mpira kweli, hiyo ni mbinu halali. Lakini jezi siyo mpira, bwana!

Kinachoniuma zaidi siyo kombe. Ni kwamba mwaka wa kwanza wote walikuwa wamekaa pale wanatazama, wakajifunza kuwa kuvuta jezi kunalipa. Msimu ujao kiwiko kitakuwa cha nani?

Marefa, sheria mnayo mfukoni. Pigeni filimbi kwa mlichokiona. Naomba kutoa hoja.