Maili kumi za Sultani

Wadau, mnaijua Ceuta? Mji mdogo wa Hispania uliobanwa kwenye ardhi ya Afrika, ubavuni mwa Moroko, na mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari. Kila vijana wakiruka uzio pale, watu hushangaa: hivi mambo haya bado yapo? Mimi sishangai sana. Huku kwetu miji ya namna hiyo ilikuwapo, na mtawala wake hakuwa Mzungu.

Chukueni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886. Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa maili 10 toka Ghuba ya Tungi, Msumbiji ya leo, hadi Kipini. Kaskazini zaidi akaachiwa miji tu: Kismayu, Barawa, Merka na Mogadishu, kila mmoja na maili 10 za kuuzunguka. Warsheikh ukapewa maili 5. Yaani ukitoka nje ya mji asubuhi, kabla ya chai ya saa nne umeshaiacha himaya yake!

Halafu biashara ikaanza. Mwaka 1888 ukanda wetu ulikodishwa kwa kampuni ya Kijerumani, watu wakaamka na Abushiri, naye akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani akauachia kabisa kwa mark milioni 4. Barawa, ambako wenyeji wanasema Chimwini, Kiswahili chao, ilikodishwa kwa Waitaliano mwaka 1892 pamoja na Merka, Mogadishu na Warsheikh. Mwaka 1905 yote ikauzwa kwa pauni 144,000. Tunapenda kuwalaumu wakoloni peke yao, lakini jamani, hela hizi zilikuwa na mpokeaji.

Mombasa ndiyo ilichelewa. Toka 1895 Waingereza waliiendesha huku wakimlipa Sultani kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na bendera yake nyekundu ikapepea juu ya Fort Jesus mpaka 1963. Mwaka 1961 James Robertson alitumwa kusikiliza maoni, akashauri ukanda uunganishwe na Kenya. Kura ya maoni haikupigwa. Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua: uhuru wa dini utalindwa, kadhi atabaki, Kiarabu kitafundishwa, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa.

Hapo kwenye hati ndipo panaponikera. Nani alikuwa na hati? Si Mgiriama aliyelima shamba la babu yake bila karatasi. Uhuru ukamkuta skwota, na wengi wa wajukuu wake ni maskwota hadi leo. Miezi mitatu baada ya barua zile, Januari 1964, serikali ya Shamte ilipinduliwa, kwa hiyo hata wa kumkumbusha Kenyatta hakuwapo tena. Ndiyo maana Baraza la Republican la Mombasa liliposimama na kauli yake ya "Pwani si Kenya", likapigwa marufuku mwaka 2010 na mahakama ikaifuta marufuku hiyo mwaka 2012, sikuwacheka. Kujitenga siungi mkono. Mwalimu alipowashawishi wenzake kule Cairo mwaka 1964 waiheshimu mipaka waliyoirithi, alikuwa sahihi, maana tungepigana mpaka kesho. Ila mpaka ni kitu kimoja na shamba ni kitu kingine. Nairobi ingeweza kugawa hati Kilifi na Kwale bila kusogeza mpaka hata inchi moja.

Mtaniuliza, mtu wa Mugumu na pwani wapi na wapi? Mkataba ule ule wa 1886 ndio uliovuta mstari toka mdomo wa mto Umba, ukakwepa Kilimanjaro, ukaenda kuishia Ziwa Victoria. Njiani ukawapasua Wakuria. Leo ukivuka toka Sirari kwenda Isebania unagongewa muhuri, halafu upande wa pili unasalimiwa kwa Kikuria kile kile, na ukoo unaoulizwa ni ule ule ulioulizwa Tarime.