FUMBO LA HESABU: NAZI 460 AU 300?

Mathalani mkulima wa Ganda, karibu na Malindi, amempelekea mnunuzi nazi 500. Mnunuzi azikataa 120 kwa kuwa ni mbovu, na kesho yake mkulima aongeza 80 nzuri. Karani aandika katika cheti: 500 − 120 + 80. Je, nazi za kulipiwa ni ngapi?

Wako watakaojibu upesi kuwa ni 300. Nao si wajinga, bali ni watu waliosoma. Katika shule za Kenya walifundishwa neno BODMAS, na wenzao wa Tanzania MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa kuwa kujumlisha kumetajwa kabla ya kutoa, wao hujumlisha kwanza 120 na 80, wakapata 200, kisha wakaziondoa katika 500. Hapo mkulima apoteza nazi 160, ndizo korija 8 za ishirini ishirini, wala hakuna aliyekusudia kumwibia.

Jawabu ni 460. Maneno hayo ya kukumbushia ni mazuri, lakini yaficha jambo moja: kujumlisha na kutoa ni ndugu wa cheo kimoja, na kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Wenye cheo kimoja huhudumiwa kwa zamu, kuanzia kushoto kwenda kulia. Kama karani angalikusudia kuziondoa zote mbili, ingalimpasa kuweka mabano: 500 − (120 + 80).

Na mama auzaye mahindi sokoni? Ana vibaba 36. Vibaba 4 ni pishi 1, na kila pishi ni shilingi 200. Hesabu yake ni 36 ÷ 4 × 200, naye apata shilingi 1,800. Akianza kwa kuzidisha 4 kwa 200, atarudi nyumbani na senti nne na nusu!

Hata mashine za kuhesabia hazipatani. Ikibonyezwa 2 + 3 × 4, mashine nyingi ndogo za dukani hutoa 20, kwani hufuata tu jinsi zilivyobonyezwa. Zile za wanafunzi wa sayansi hutoa 14, nalo ndilo jawabu.

Basi lipo fumbo jingine. Mvuvi wa Takaungu ana changu 20. Awapa majirani 3 samaki 2 kila mmoja, kisha nduguye amwongezea 4: 20 − 2 × 3 + 4. Apataye 58 ametoa kabla ya kuzidisha. Apataye 10 amenaswa na neno lile lile la shuleni. Mvuvi mwenyewe, akihesabu kikapuni mwake, ana samaki 18.