GARI LA MATANGAZO LIPO, UGONJWA UKIJA LINAPOTELEA WAPI?

Wadau wa Chuga, leo ubuyu wangu una ndimu ndani, mtanivumilia.

Yule dada wote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Duka la nguo mjini, wafuasi kibao, wikiendi haipiti bila picha akiwa kiwanja. Juzi kati alirusha voisi ya dakika mbili kwenye ukurasa wake. Kuna mama analia humo, anasema huku Themi watu wanaharisha na kutapika, msinywe maji ya bomba, hospitali wanaficha. Haikupita saa moja ile sauti ikawa imefika kwenye grupu la mtaa wetu, la kikoba, la kwaya, mpaka la wazazi wa shule. Jioni vijana wa mikokoteni walishapandisha bei ya dumu la maji, na watu walilipa bila kubishana.

Mtu wa Arusha ukimwambia maji yana kitu, hakuulizi ushahidi. Ushahidi anao mdomoni. Floraidi ya maji ya Mlima Meru imetupaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na wengine tulikuja kujua sababu ukubwani, baada ya kutaniwa na watu wa Dar.

Sasa turudi kwenye grupu. Mwenyekiti wetu wa mtaa akaandika neno moja: "Puuzeni." Mkubwa mwingine, ambaye naye simtaji, akaongeza kwamba anayesambaza taharuki atachukuliwa hatua. Basi, ikaishia hapo. Hakuna aliyesema kama mgonjwa yupo au hayupo, kama maji yamepimwa au bado, kama tuchemshe au tuendelee tu kunywa. Tulichobakiwa nacho ni kumshushia povu yule dada. Na mimi nilikuwemo, tena povu langu lilikuwa zito.

Dada alikosea, hilo silibishi. Kurusha sauti ya mtu usiyemjua kwa wafuasi wote wale ni ujinga, na ni ujinga wenye madhara. Ila yeye alijaza nafasi aliyoikuta tupu. Hivi nani aliiacha tupu?

Kila tukiomba kuambiwa, jibu ni hilo hilo: mtaleta taharuki. Mi naomba tukumbushane kidogo, maana mji huu una historia na hilo neno.

Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa Corona nchini, na alikuwa hapa hapa kwetu. Mama wa miaka 46, aliyetua KIA siku moja kabla, akitokea Ubelgiji. Waziri wa Afya alisema umri, alikotoka, siku aliyofika na mkoa aliopo. Kwa raia hayo yanatosha. Kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule kwa siku 30. Je, Arusha tulichanganyikiwa? Tuliogopa, ndiyo, lakini ilikuwa hofu yenye kazi. Ndoo za maji na sabuni zilipangwa mpaka kwenye mlango wa muuza chipsi. Konda wa kifodi, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukubali kuwa gari limejaa, alianza kusema gari limejaa. Wiki ile ile msanii mmoja mkubwa wa bongo fleva akajitangaza mwenyewe mtandaoni kuwa amepima na amekutwa nayo. Watu wakamwombea, na wengi wakaanza kuamini kwamba kumbe ugonjwa upo kweli.

Aibu ya siku zile ilikuwa yetu sisi wambea. Badala ya kushika tulichoambiwa, tulihangaika kutafuta sura ya yule mama, kafikia wapi, kaolewa na nani. Mwezi ule ule akatangazwa amepona, lakini maneno tuliyomsema hayakupona. Ndiyo maana nasema jina la mgonjwa hatulihitaji. Tunahitaji idadi, eneo, na la kufanya.

Halafu ikaja tarehe 29 Aprili. Tukasomewa wagonjwa 480 nchi nzima, na baada ya hapo hesabu ya taifa ikakoma. Ilikaa kimya zaidi ya mwaka. Taharuki yenyewe sasa, ile tunayotishiwa nayo kila siku, ilianza hapo! Tangawizi na malimau vikawa bidhaa za watu wenye pesa. Kila video ya mazishi ya usiku ikaitwa ya kwetu, hata kama wanaozika wamevaa kanzu za pwani na nyuma kuna minazi. Mtu akifa kwa presha wanasema Corona, akifa kwa kubanwa na kifua wanasema presha. Majirani wakaacha kuagana.

Mei hiyo madereva wa malori wakakwama Namanga. Kenya inawapima na kutangaza waliokutwa nayo, mkoa wetu unawapima tena na kusema ni wazima, na tarehe 16 Kenya ikafunga mpaka, wakaachia malori ya mizigo tu. Mambo ya vipimo waachiwe watu wa maabara. Mimi nilimwangalia fundi mmoja hapa Themi, spea zake zinatoka Nairobi. Kila siku alikuwa anawasha televisheni ya Kenya ili ajue hali ya Arusha. Ya nyumbani kwake anayasikilizia ugenini!

Julai 2020 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizokataza kuweka taarifa za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka. Sawa, tumekatazwa kusema na tumeelewa. Basi semeni nyie! Huwezi kumziba mtu mdomo halafu na wewe ukafunga wako, kisha ukashangaa kwamba voisi ya mtu anayelia ndiyo inayosikilizwa.

Najua kuna watakaoniambia, dada, unaharibu utalii. Huu mji unaishi kwa watalii, mimi mwenyewe nakula huko. Lakini tuangalie Januari 2025. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likasema kuna watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg Kagera. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazina kitu. Tarehe 20 Rais akasimama Dodoma, mkuu wa shirika hilo akiwa pembeni yake, akathibitisha mgonjwa mmoja Biharamulo. Katika siku hizo sita, mtalii aliyeko Amsterdam alishasoma tangazo la kwanza kwenye simu yake kabla hajafunga begi. Ukinyamaza hujamficha yeye. Umemficha anayemfulia mashuka, dereva anayembebea mizigo na dada wa mapokezi anayempa mkono.

Na wasituambie hawana njia ya kutufikia. Wakitaka watu, wanajua kuwapata. Nane Nane ikikaribia hapo viwanja vya Themi, gari la matangazo linazunguka mpaka mtoto wa chekechea anajua ratiba. Tamasha likija tunatajiwa msanii, kiingilio, saa ya kufungua mlango na kinywaji cha bure kwa mia wa kwanza. Kampeni ndiyo usiseme, spika zinatuamsha alfajiri. Spika hizo hizo zitangaze: mtaa fulani kuna wagonjwa wanne wa kuharisha, chemsheni maji, mkiona dalili nendeni zahanati, tutarudi kesho saa kumi. Hata "bado hatujajua, sampuli zimepelekwa, kesho jioni tutawaambia" ni taarifa. Isomwe msikitini, isomwe kanisani kabla ya sadaka, konda aikariri kituoni. Na huyo dada mwenye wafuasi wake wapeni karatasi yenye muhuri airushe, maana kurusha ndiyo kipaji chake.

Ile voisi ameshaifuta. Jirani yangu, mama wa chumba cha mbele, yeye bado anachemsha maji, na mkaa wenyewe mnajua bei zake. Jana alikutana na mwenyekiti dukani.

"Shikamoo mwenyekiti. Yale maji tuache kuchemsha?"

"Marahaba mama. Si niliwaambia mpuuze?"

"Nipuuze maji, au nipuuze ugonjwa?"

Mwenyekiti akachukua vocha yake, akaaga. Mama akaniomba nimuongezee hela ya mkaa.