Nani Amjua Mnyama? Neno juu ya Wafuata Nyayo wa Kusini mwa Afrika

Picha za uwindaji wa kitalii zinafanana mno. Mnyama amelala ubavu. Nyuma yake wamepiga magoti mume na mke waliotoka ng'ambo, bunduki wameiegemeza juu ya mzoga. Na kando yao amesimama mwindaji bingwa aliyewaongoza. Aghalabu picha huishia hapo. Mtu aliyemtafuta mnyama huyo tangu alfajiri, akamtambua miongoni mwa wenzake na kuwafikisha wageni mbele yake, huwa amekwenda kuchota maji au kufyeka njia ya gari wakati kamera ikifanya kazi yake.

Nia ya makala haya ni kumrudisha mtu huyo katika picha, wala si kwa ajili ya heshima tu. Nashikilia kwamba katika msafara wa namna hii yeye ndiye mwenye elimu ya mnyama, na kwamba asiporidhika yeye, bunduki isipigwe.

Tuchukue mfano wa kaskazini-mashariki mwa Namibia, katika eneo la Nyae Nyae, ambalo mji wake mdogo ni Tsumkwe. Wenyeji wake ni Ju/'hoansi, mojawapo ya jamii za Wasani. Mwaka 1996 Namibia ilibadili sheria yake ya hifadhi, ikawapa wanavijiji haki ya kuunda hifadhi za jumuiya na kunufaika na wanyama waliomo. Nyae Nyae iliandikishwa mwaka 1998, miongoni mwa hifadhi nne za kwanza. Tangu hapo wageni wenye fedha huja kuwinda humo, tembo akiwa mnyama wa thamani kubwa kuliko wote. Ada huingia katika mfuko wa jumuiya, na nyama hugawiwa vijijini.

Najua kuwa jambo hili lina ugomvi mkubwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na haijarudi nyuma. Botswana iliusimamisha mwaka 2014, kisha ikauruhusu tena mwaka 2019. Wasomi wenye nia njema wamo katika kila upande, nami sitauamua ugomvi huo katika kurasa mbili. Nauliza swali dogo zaidi: maadamu uwindaji unaendelea, mnyama huchaguliwaje?

Tuseme basi kwamba mume na mke wetu wamefika Tsumkwe. Mume amelipia tembo dume. Mke anataka tandala mwenye pembe ndefu. Asubuhi, kabla jua halijachomoza, gari linasimama mahali njia ya wanyama inapokatiza barabara ya mchanga. Wageni wanaona alama kubwa ya duara, mfano wa ungo. Wanafurahi. Mwindaji bingwa anaona kuwa ni tembo mkubwa. Mfuata nyayo anachutama, na hapo ndipo somo linapoanza.

Unyayo wa mguu wa mbele wa tembo ni mviringo, na wa nyuma umerefuka kama yai. Ukizungusha kamba kwenye ukingo wa unyayo wa mbele, kisha ukazidisha urefu wa kamba hiyo kwa mbili, utapata kwa makadirio kimo cha tembo begani. Kamba ya mita 1.5 ni tembo wa mita 3. Tembo dume, tofauti na wanyama wengi, huendelea kukua kwa miongo mingi ya maisha yake, hivyo ukubwa wa unyayo hueleza umri. Mwaka 1983 watafiti waliofanya kazi Amboseli, Kenya, walichapisha njia ya kukadiria umri wa tembo kwa kupima urefu wa unyayo wa mguu wa nyuma, na njia hiyo imetumiwa sana tangu hapo.

Lakini mfuata nyayo hasomi urefu pekee. Nyufa za wayo huacha mchoro mchangani, na mchoro huo ni tofauti kwa kila tembo. Kwa tembo mzee sehemu ya kisigino huwa imelika ikawa laini. Mahali mkojo ulipoangukia kati ya nyayo hutenga dume na jike. Kinyesi nacho kina habari zake. Tembo huota meno ya kusaga seti sita katika maisha yake, na seti ya mwisho ikianza kulika, vijiti na majani hupita tumboni bila kusagwa vizuri. Kinyesi chenye vipande virefu hutoka kwa mzee. Kisha kuna suala la saa: je, mdudu wa usiku amepita juu ya unyayo, au unyayo umepita juu ya njia ya mdudu? Umande umeanguka kabla au baada? Kutokana na mambo hayo mfuata nyayo hujenga dhana. Akisonga mbele huijaribu kwa ushahidi mpya. Na dhana ikishindwa huitupa. Walimu wa sayansi watanielewa nikisema kwamba hiyo ndiyo kazi tunayojaribu kuifundisha darasani kwa chupa na mizani.

Pengine msomaji atasema kuwa hizi ni sifa tupu za watu wa porini. La hasha, jambo hili limepimwa. Mwaka 1997 Philip Stander, mtafiti wa wanyama walao nyama nchini Namibia, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya kuwajaribu wafuata nyayo wa Ju/'hoansi juu ya wanyama ambao habari zao zilikuwa zinajulikana. Katika majaribio zaidi ya 500, majibu yalikuwa sahihi kwa kiasi cha asilimia 98. Sijui kipimo kingi cha shuleni kinachofikia hapo.

Chanzo cha umahiri huo hakina muujiza. Ju/'hoansi huwinda kwa upinde mdogo na mshale uliopakwa sumu ya buu wa mdudu aitwaye Diamphidia. Sumu hiyo huua polepole. Mnyama aliyechomwa huweza kutembea siku nzima au zaidi, akijichanganya na kundi lake, na mwindaji hana budi kumfuata huyo huyo, si mwingine. Asiyejua kusoma hulala njaa.

Mwaka 2013 wataalamu wa Ujerumani waliwachukua wafuata nyayo watatu wa Ju/'hoansi hadi kwenye mapango ya milima ya Pyrenees, Ufaransa, zilimo nyayo za watu wa kale zilizogandamana katika udongo. Katika pango la Tuc d'Audoubert, ambamo pia mna nyati waliofinyangwa kwa udongo maelfu ya miaka iliyopita, alama za visigino zilikuwa zimedhaniwa kwa muda mrefu kuwa za ngoma au ibada fulani. Wageni kutoka Tsumkwe walizitazama, wakashauriana kwa lugha yao, wakasema ni mtu mzima na kijana waliokuwa wakienda kuchukua udongo na kurudi na mzigo.

Sasa turudi kwa tembo wetu. Wawindaji hupenda kujitetea kwa kusema kwamba wanapiga dume mzee asiyezaa tena, ambaye hata angeachwa angekufa bila faida. Kwa wanyama wengine hoja hii ina ukweli. Simba dume anapouawa akiwa bado na watoto wadogo, madume wapya huja na kuwaua watoto hao, na hasara huongezeka mara nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kwa kutumia kumbukumbu za simba wa Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba wakipigwa madume waliotimiza miaka 6 tu, idadi ya simba haidhuriki sana. Rangi ya pua, ambayo huzidi kuwa nyeusi kadiri simba anavyokua, ilipendekezwa kuwa dalili ya kutazamwa.

Kwa tembo hoja hiyo haisimami. Uchunguzi wa uzazi huko Amboseli umeonyesha kwamba madume hufanikiwa zaidi kuzaa wanapokuwa wamepita miaka 40. Nao utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka mbuga ya Makgadikgadi, Botswana, ulikuta kwamba madume yanaposafiri pamoja kuelekea mtoni, mara nyingi wazee ndio hutangulia na vijana hufuata. Huyo anayeitwa mzee wa bure ni baba na pia ni kiongozi wa njia. Pembe zake kubwa, zinazomvutia mgeni, zimekuwa kubwa kwa sababu ameishi.

Hivyo tofauti kati ya dume wa miaka 35, wa 45 na yule wa karibu 60 mwenye meno yaliyokwisha si jambo dogo. Nani katika msafara awezaye kuitaja? Mume na mke hawawezi. Mwindaji bingwa aweza kwa kiasi fulani, lakini yeye ana mzigo mwingine: wageni wamelipa, zimebaki siku 2, na mke ameanza kuchoka na joto. Mfuata nyayo amekwisha kujua tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hata hivyo, katika misafara mingi yeye ni kibarua wa siku, naye huulizwa tembo yuko wapi, haulizwi kama anafaa kuuawa.

Pendekezo langu ni jepesi. Cheti cha uwindaji kiwe na nafasi ya mfuata nyayo kuandikwa jina lake pamoja na makadirio yake ya umri kabla ya risasi kupigwa, na neno lake la kukataa liwe na nguvu ya kusimamisha. Baadaye meno ya mnyama yapimwe, ili makadirio yalinganishwe na ukweli. Mtu atanipinga kwamba mfuata nyayo naye ana maslahi, kwa kuwa jumuiya yake hupata ada na nyama. Ni kweli, na pingamizi hili ni zito. Ndiyo maana nataka makadirio yaandikwe mapema, na ujira wake usitegemee kama mnyama ameuawa au la.

Kuhusu shule, mwalimu hahitaji kungoja tembo. Jioni afagie kipande cha mchanga chenye mita 4 kwa 4 karibu na bomba la maji, na alfajiri wanafunzi waandike nani amepita, akielekea wapi, na nani alitangulia. Kisha wamwulize mlinzi wa usiku aliona nini. Mwalimu asishangae akikuta kwamba waliochunga mbuzi utotoni wanawashinda wale wanaoongoza katika mitihani.