Mkunazini Ina Historia Kubwa Kuliko Inayosimuliwa

Mbele ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Watembezaji wa wageni husema hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa viboko, na ile nyekundu ni damu yao. Kisha mgeni huteremshwa kwenye vyumba vya chini vya jengo jirani, ambavyo dari zake humlazimu mtu kuinama, akaambiwa humu walifungiwa watu wakisubiri mnada. Sina ugomvi na majonzi ya ziara hiyo, kwa kuwa soko lilikuwepo hapo kweli na waliouzwa walikuwa watu. Ninachopinga ni kwamba mambo yenye shaka ndiyo hupewa muda mrefu, na yaliyo hakika hupitwa mbio.

Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa Juni 1873, huku Waingereza wakimtishia kuizingira Unguja kwa manowari. Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari Waanglikana wa UMCA waliweka jiwe la msingi katika eneo la soko, na ujenzi ukaendelea miaka kadhaa chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere. Masimulizi mengi huishia hapo: soko likafa, kanisa likazaliwa, watu wakawa huru. Lakini mkataba ule ulipiga marufuku biashara, haukugusa umiliki. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliendelea kulimwa na watumwa wakati kuta za Mkunazini zinapanda, na wakati waumini wanasali ndani yake. Uingereza ilipoifanya Zanzibar nchi ya himaya yake mwaka 1890, utumwa ulikuwa bado halali, na ukabaki halali miaka saba zaidi chini ya himaya hiyo. Hata amri ya 1897 ilimtaka mtumwa mwenyewe aende kuomba uhuru wake, na fidia akalipwa bwana. Masuria hawakuhusishwa na amri hiyo hadi 1909. Tarehe hizi zinatufundisha namna dola zinavyokomesha uovu polepole pale uovu huo unapoziingizia faida, na somo hilo haliwezi kutolewa na duara la marumaru peke yake.

Halafu kuna watu. Jina la Steere hutajwa kila hatua, na ni haki yake. Amezikwa nyuma ya madhabahu, na kazi aliyoifanya katika Kiswahili ni kubwa. Mafundi nao hutajwa mara moja tu, tena kwa kuchekwa: inasemekana askofu alipokuwa safarini walizisimamisha nguzo kadhaa juu chini, na ziko vivyo hivyo hadi leo. Hakuna anayetaja jina la fundi hata mmoja. Lakini yako majina ya Waafrika wengine wa misheni ile tunayoyajua. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano waliotwaliwa kutoka jahazi la watumwa ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa UMCA mwaka 1864. Mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuuzwa utotoni, alifanya kazi Chitangali, kusini mwa Tanganyika, na alipewa upadre mwaka 1890. Hata ule msalaba wa mbao ulio ndani ya kanisa, unaotokana na mti wa Chitambo ambako moyo wa msafiri Mwingereza David Livingstone ulizikwa, husimuliwa kana kwamba maiti yake ilitembea yenyewe hadi pwani. Walioibeba ni watumishi wake, kina Susi na Chuma.

Wapo watakaosema kuwa kutia shaka juu ya vile vyumba vya chini ni kuwapa silaha wanaotaka kukana kwamba utumwa ulikuwa na ukatili wowote Zanzibar. Hofu hiyo naielewa, maana visiwani jambo hili halijawahi kuwa la historia tu. Ila nadhani mambo ni kinyume. Jengo lenye vyumba hivyo lilijengwa na misheni yenyewe baada ya soko kufungwa, likatumika kama hospitali, na wanahistoria wamelisema hilo waziwazi. Anayetaka kukana atashika hapohapo: akithibitisha kwamba simulizi la vyumba lina kasoro, atadai na soko nalo ni uzushi. Kumbukumbu za forodha, taarifa za manowari na maelezo ya waliookolewa zinatosha kubeba ushahidi bila msaada wa chumba chenye mashaka. Wengine watasema wageni hawakusafiri mbali kuja kusikiliza tarehe. Huenda, lakini sanamu tano za Clara Sörnäs, zilizosimama shimoni nje ya kanisa na minyororo shingoni tangu 1998, huwagusa watu bila mtu yeyote kudai kwamba sanamu zenyewe ni za kale.

Kwa hiyo vyumba vibaki wazi, ila mlangoni paandikwe jengo ni la lini na lilikuwa la nini. Ndani ya kanisa mtembezaji asimame kwa Majaliwa muda uleule anaosimama kwa Steere. Na wanafunzi wa Unguja na Pemba wanapoletwa, waelezwe habari ya 1897 kabla ya kuonyeshwa duara.