Mudir Hakuwa Hakimu

Kwenye mabaraza ya Waswahili hapa Bawshar, Maskati, kuanzia Al Khuwair hadi Azaiba, kuna dai lisilochakaa: enzi za Mngereza, Unguja ilikuwa na adabu. Mwizi wa kuku alifikishwa kwa mudir asubuhi, adhuhuri keshahukumiwa, na usiku watu wakalala milango wazi. Wanaosema hivyo ni wazee wetu, nami nawaheshimu. Lakini dai lenyewe si kweli, na madhara yake hayaishii kwenye kahawa. Vijana wetu wanalirithi, na huko Afrika Mashariki wapo watawala wanaopigiwa makofi kwa kufanya yaleyale.

Haraka ile ilitoka wapi? Mudir alikuwa mtumishi wa serikali, mkubwa wake ni ofisa wa Kiingereza na wadogo zake ni masheha. Yeye ndiye aliyezipeleka amri za serikali mashamba, yeye akasimamia zifuatwe, kisha kesi ndogondogo zikaletwa mbele yake tena. Amri na hukumu zilikaa kwenye kiti kimoja. Kesi ya namna hiyo haina sababu ya kuchelewa, kwa sababu anayehukumu ndiye aliyeudhiwa.

Tanganyika mpango huu ulisukwa waziwazi zaidi. Gavana Donald Cameron alileta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, na mwaka 1929 ikafuata sheria ya mahakama za wenyeji. Sheria hii ya pili iliziondoa mahakama za machifu chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu, ikaziweka chini ya maofisa tawala. Jaji Mkuu Alison Russell alipinga, akashindwa. Tangu hapo mkulima aliyefungwa na chifu hakuwa na jaji wa kumwendea. Rufaa yake ilipanda kwa ofisa wa wilaya, ikaenda kwa mkuu wa jimbo, ikaishia kwa gavana, yaani kwa walewale waliomwajiri chifu. Wakili hakuruhusiwa kumsemea. Waliuita utaratibu huu heshima kwa mila za wenyeji. Mila gani ya Wasukuma au ya Wazaramo iliyosema mtu asisikilizwe na asiyekuwa bwana wa aliyemhukumu?

Hebu tuyatazame hayo yaliyoitwa makosa madogo. Kutolipa kodi ya nyumba. Nchini Kenya, kutembea bila kipande cha utambulisho, kosa kwa sheria iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, au kutoroka shamba la mwajiri, kosa la jinai kwa sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906. Haya hayakuwa makosa ya mtu dhidi ya jirani yake. Yalikuwa makosa dhidi ya hazina na dhidi ya mwenye shamba aliyetaka vibarua wa bei rahisi. Wafungwa wa aina hiyo walipozidi, Kenya ikatunga sheria mwaka 1925 ya kuwaanzishia kambi zao. Wanaosifu adabu ya zamani wajue kwamba nyingi ya hiyo adabu ilikuwa kodi iliyokusanywa kwa pingu.

Kuna neno gumu, na sisi wa asili ya Oman ndio tunaopaswa kulisema. Sehemu kubwa ya mamudir wa Unguja na Pemba walikuwa Waarabu, na wengi walitoka koo ambazo vijukuu wake leo wako hapa Maskati. Upande wa bara, kabla ya Mngereza, amri ya Kansela wa Ujerumani ya mwaka 1896 iliruhusu Mwafrika apigwe viboko hadi 25 kwa mara moja, zile hamsa ishirini zilizobaki midomoni mwa watu, na ikakataza Mwarabu na Mhindi kuchapwa. Ni rahisi mtu kuipenda mahakama ambayo babu yake aliikalia kiti, au ambayo fimbo yake haikumgusa. Waulizeni wajukuu wa waliolazwa chini wachapwe wanakumbuka nini.

Na huo utulivu? Mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki, ambao tayari ardhi yao ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa amri za serikali za kukinga ng'ombe dhidi ya maradhi. Hawakuiamini dawa wala walioileta. Wakashtakiwa. Kosa dogo kuliko hilo sijui ni lipi. Tarehe 30 Julai umati ulijaribu kuwatoa mikononi mwa polisi, ukaliendea gereza, risasi zikapigwa na watu wakafa. Unguja wanaviita Vita vya Ng'ombe. Huo ndio utulivu wa milango wazi.

Naikubali hoja moja: mahakama ikiwa mbali, maskini hana haki. Anayeibiwa mbuzi hawezi kuacha kazi wiki nzima kumfuata jaji mjini. Lakini ukaribu huo Tanganyika huru iliuleta kwa njia nyingine. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilizitoa mahakama za chini mikononi mwa watawala na kuziunganisha na Mahakama Kuu. Mahakama ya mwanzo iko karibu na watu, na hakimu wake si mkusanya kodi.

Inasikitisha kwamba mlango wa nyuma uliachwa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu mkuu wa mkoa au wa wilaya, Tanzania Bara, kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Imeandikwa kwa ajili ya kulinda amani, ila tumeona mikutanoni walimu, wauguzi na waandishi wa habari wakiwekwa ndani kwa kumkera mkubwa, na watu wakashangilia. Wanamshangilia mudir.

Wabunge wa Dodoma, futeni vifungu hivyo vya saa 48. Nanyi wazee wangu wa Bawshar, mnapowahadithia wajukuu habari za mudir, wahadithieni na habari za Kiembe Samaki.